Bandama la Fahali wa Mzee Vuai

Siku mliyoniaga kituoni mlinitaka niseme machache. Nilisimama, nikashukuru, nikakaa, kwa sababu pilau ilikuwa inapoa na mgeni rasmi alikwisha kusema kwa niaba ya watu wote, pamoja na ng'ombe. Sasa niko nyumbani Kikwajuni, asubuhi hazina haraka, na yale niliyoyanyamazia siku ile yananijia moja moja. Nayaandika kwa ajili yenu mnaobaki na mabuti. Vyeo nilivyopanda na ofisi nilizohamishwa sitavigusa. Hayo yamo kwenye faili, na faili halijawahi kumtibu ng'ombe. Nataka kuzungumza habari ya uvimbe.

Uvimbe ulinisumbua kuliko maradhi yoyote. Ng'ombe akiharisha, unaona. Akikohoa, unasikia. Uvimbe unakaa kimya juu ya mwili, umefunikwa ngozi na manyoya, na ndani yake mnaweza kuwa na usaha, au damu, au maji, au hewa, au utumbo, au kitu ambacho wewe na mwenye ng'ombe na wote mliosimama pale hamkupaswa hata kukikaribia. Miaka yote ya kazi yangu, kila nilipoitwa kwenda kutazama uvimbe, nilikwenda mbiombio. Watu wakiniona ninavyotembea upesi walidhani ni bidii. Ilikuwa hofu, na mguu wa mwenye hofu hauendi polepole.

Mimi ni mtoto wa mjini. Ng'ombe niliyemjua utotoni alikuwa amekwisha kukatwa, yumo ndani ya kikapu cha mama akirudi sokoni. Mama alitaka niwe muuguzi. Nilipomwambia nimechaguliwa masomo ya mifugo aliuliza, "Sasa hao wagonjwa wako watakwambiaje wanaumwa wapi?" Mpaka leo naona lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa kwenye mitihani.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Malindi, bandarini, ng'ombe wa kuchinjwa walipoteremshwa kutoka bara. Mkubwa wangu alikuwa Dokta Mbarouk, mtu mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliyezungumza kwa sauti ya chini hata pale winchi zinapopiga kelele. Aliniweka mbele ya ng'ombe akauliza, "Unaona nini?"

"Ng'ombe," nikasema.

"Hilo hata mabaharia wameliona. Tazama tena."

Nikatazama tena. Chini ya sikio la mmoja wao palikuwa na kinundu ambacho mwenzake hakuwa nacho. Dokta Mbarouk alipakaribia polepole, akaweka mgongo wa kiganja, si ncha za vidole, akasubiri. Kisha akanivuta mkono wangu akauweka palepale. Palikuwa pa moto. "Tezi," akasema. "Huyu ana ndigana, homa ile ya kupe, au anakaribia kuwa nayo. Mtenge." Mwenye mzigo alipiga kelele sana siku ile. Dokta alimsikiliza mpaka akamaliza, akamwambia, "Umesema kweli yote. Ng'ombe hapiti."

Vifaa vyake vilikuwa vichache. Kipimajoto kilichofungwa kamba ndefu, kwa sababu ng'ombe ana tabia ya kukimeza kwa upande usiotarajiwa. Bomba la sindano. Sabuni. Kisu cha upasuaji alikuwa nacho, lakini alikifunga kwenye kitambaa na kukiweka chini kabisa ya mkoba, ili kila anapokitaka aanze kutoa vitu vingine vyote kwanza. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Nipate muda wa kubadili nia."

Sababu niliijua Mwera. Kulikuwa na ndama mwenye uvimbe kitovuni, mkubwa kama dafu, na mwenyewe alikuwa amenoa wembe tayari. Alisema ni jipu, na kwa macho lilikuwa jipu. Dokta akaniambia nipige magoti nikande. Halikuwa la moto. Nilipolisukuma taratibu kwa kiganja, likaingia ndani, lote, nikabaki nagusa tundu. Nilipoondoa mkono likarudi. "Huo ni utumbo," akasema Dokta Mbarouk kwa sauti yake ileile, na yule bwana akaweka wembe chini kama mtu aliyegundua ameshika nyoka. Ndama alishonwa, akapona, akaja kuwa dume la kuvuta gari, lenye hasira na watu wote waliomtibu.

Basi nikajifunza. Gusa kwa mgongo wa mkono, ujue joto. Bonyeza kwa kidole, uone kama shimo linabaki. Likibaki ni maji, na kama ni chini ya taya, fikiria minyoo kabla hujafikiria jingine. Sukuma, uone kama unarudi ndani. Ukishindwa kabisa, ingiza sindano nyembamba, uvute, utazame kilichokuja, ndipo ufikirie kisu. Uliza umeanza lini, na usikubali jibu la "zamani kidogo." Na Dokta Mbarouk aliongeza moja ambayo aliitaja mara chache, akiwa anaosha mikono: uvimbe ukilia chini ya kidole, ukichakacha kama kuna hewa ndani, simama, rudi nyuma, na uwaambie watu wasiguse chochote. Huenda ni chambavu, maradhi yanayoozesha nyama ya ng'ombe angali hai. Na kama umekuta ng'ombe amekufa ghafla na hujui kwa nini, usimpasue. Huenda ni kimeta, na kimeta hakimalizani na ng'ombe peke yake, kinageukia watu.

Miaka ikaenda. Dokta Mbarouk akastaafu, kisha akafariki, Mungu amrehemu, na mimi nikawa mkubwa wa kituo. Cheo kile kilikuwa na maana moja tu kwangu: hakukuwa tena na mtu wa kumuuliza.

Ilikuwa mwishoni mwa masika, miaka michache tu kabla sijaachia funguo za kituo. Simu ililia asubuhi mapema nikiwa bado nafunga ushungi.

"Shikamoo Bi Rukia."

"Marahaba mwanangu. Nani mwenzangu?"

"Mize, binti Mzee Vuai."

Nilimjua. Nyumba yao iko kaskazini, kwenye vijiji vya njia ya Mkokotoni, na yeye ndiye aliyemlea fahali wao tangu ndama, kwa maziwa ya chupa, baada ya ng'ombe mama kufa. Nilijua pia kwamba harusi yake imebaki siku chache, na kwamba fahali yule ndiye kitoweo.

"Sitakiwi kutoka, nshatiwa ndani kama bi harusi," akasema kwa kunong'ona. "Lakini nimetoka uani kumwangalia. Bega limevimba, hawezi kukanyaga. Jana jioni alikuwa mzima. Nikibonyeza, kunalia."

"Kunalia vipi?"

"Kama unakunja mfuko wa nailoni."

Nilikaa kitandani. Nikamwambia anawe mikono kwa sabuni nyingi, asimguse tena, na amwambie baba yake wasimchinje kwa hali yoyote mpaka nifike. Akasema atamwambia. Nikamtafuta dereva wa kituo, tukaondoka bila chai.

Tulipofika, ngozi ilikuwa imetandazwa juu ya ua. Nyama imeshakatwa, nyingine imo kwenye masufuria makubwa matatu, inachemshwa isiharibike mpaka siku ya harusi, moto unawaka, na wanawake wanamenya vitunguu wakicheka. Mzee Vuai alikuja kunipokea akifuta mikono. Ni mtu mrefu, mpole, anayeheshimika pale, na siku ile alikuwa na uso wa mtu aliyeokoa jahazi.

"Karibu Bi Rukia. Tumemuwahi. Mize kanambia tukungoje, lakini alikuwa anakwenda kufa nyamafu, nimemwita shemeji akamchinja, bismillahi. Halali kabisa."

"Uhalali wake sina ubishi nao, Mzee Vuai," nikasema. "Nnauliza uzima wake. Nani ameshakula?"

Alikunja uso. Akasema wachache tu walikula maini asubuhi, waliosaidia kuchuna. Na aliyechinja ni Pandu, ndugu wa mkewe. Pandu akajitokeza, kijana mwenye mabega mapana, na nilipomtazama nikaona amefunga kitambaa kwenye kidole gumba. Alijikata wakati wa kuchuna.

Nitajaribu kueleza kilichokuwa kichwani mwangu, maana ninyi mtasimama kwenye ua kama ule siku moja. Niliamini ni chambavu. Bega kuvimba kwa usiku mmoja, hewa chini ya ngozi, mnyama kijana aliyenona, mwisho wa mvua; yote yalielekea huko. Chambavu, kwa mtu, si janga, ingawa nyama yake si ya kuliwa. Lakini kimeta nacho huweza kuvimbisha, na hakikusoma kitabu kile nilichosoma mimi. Nikikosea, mbele yangu kuna ua mzima wa watu walioshika damu, wengine wamekula, mmoja ana jeraha bichi, na masufuria matatu yanachemka. Nilivaa glovu.

"Pandu, damu ilikuwaje?"

"Damu tu. Nyekundu."

"Iliganda?" Damu ya mnyama wa kimeta haigandi.

Akafikiri. "Sikuitazama. Tuliimwagia maji."

Nilitazama nyama ya bega. Ilikuwa nyeusi, kavu, ina vitundu kama mkate uliokaa, na harufu ya siagi iliyoharibika. Walikuwa wameitenga wenyewe, kwa sababu hata mwenye njaa asingeipenda. Hiyo ilinipa moyo kidogo. Lakini nilitaka kuona kiungo kimoja zaidi.

"Bandama liko wapi?"

Wakatazamana. Bandama la ng'ombe wa kawaida ni jembamba na refu, lina kingo zilizochongoka. Kwa mnyama wa kimeta huvimba mara kadhaa ya ukubwa wake, likawa jeusi na laini kama tope. Hakuna kitu kingine pale uani ambacho kingenijibu haraka kama hicho. Wakatafuta kwenye beseni la matumbo, wakatafuta kwenye majani ya mgomba. Mwishowe mwanamke mmoja akasema, "Si alipelekewa Bi Mwanakombo? Kila tukichinja bandama ni lake."

"Haya. Ntakwenda kwake sasa hivi," nikasema. "Lakini kwanza mzime moto."

Hapo kicheko kikakoma. Mzee Vuai akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini, maana hakuwa mtu wa kupayuka. "Bi Rukia, wageni wanatoka Tumbatu, wanatoka mjini. Sina fahali wa pili. Unanambia niwape nini? Wewe mwenyewe hujui ni nini. Nimekusikia unauliza."

"Kweli, sijui," nikasema. "Ndo maana nnataka mzime."

"Nyama ikichemka sana si inakufa kila kitu?"

"Nyama ya ugonjwa huu hailiwi, Mzee Vuai, hata ikichemka mpaka kesho. Hata ukiwa ule mdogo, chambavu, hailiwi. Na ukiwa ule mkubwa, kimeta, kila anayeshika sufuria lile ntakuja kumuuguza."

Akarudi kusimama karibu na moto. Sheria ilikuwa upande wangu, lakini ofisi iko mbali na masufuria yako karibu. Ndipo sauti ikatoka dirishani, nyuma ya pazia, sauti ya Mize.

"Baba."

"Mize, nyamaza, wewe ni bi harusi."

"Ndo nnasema kwa kuwa ni harusi yangu. Mie ndiye nimemwita Bi Rukia. Nilimlea yule fahali, nimemlilia tangu asubuhi, na simtaki kwenye sahani. Watu wakiugua watasema waliugua harusini kwa Mize. Zima moto, baba. Nakuomba."

Mzee Vuai akainama, akavuta kuni moja kutoka chini ya sufuria la kwanza, akaizima mchangani. Wengine wakafuata.

Nyumba ya Bi Mwanakombo ilikuwa upande wa pili wa kijiji, baada ya mashamba ya muhogo. Sijui nilitembea au nilikimbia. Najua nilikuwa nahesabu walioshika nyama uani, nasahau, naanza tena. Nilimkuta amekaa kibarazani kwake, bibi mdogo wa umbo, anatazama njia.

"Shikamoo bibi. Bandama uliloletewa asubuhi, umeshalila?"

"Marahaba. Nani anakula saa hizi? Nimefunga sunna mie. Lile la kufutari."

Nilitaka kumbusu. Akanionyesha ndani, kwenye bakuli lililofunikwa kawa, limeshatiwa chumvi na ndimu. Nililitoa nje kwenye mwanga. Lilikuwa jembamba. Kingo zimechongoka. Nikalikata, likashika kisu vizuri, halikumwagika. Rangi yake ilikuwa rangi ya bandama.

Nikakaa kwenye baraza lake bila kukaribishwa.

"Zuri?" akauliza.

"Zuri, bibi. Lakini nalichukua."

"Mmh! Serikali imekosa cha kula mpaka inakuja kupokonya futari ya mzee." Alisema hivyo, lakini nilipomweleza sababu alikwenda mwenyewe kunawa, akamwaga na ile ndimu.

Bandama liliniambia huenda si kimeta. Lakini "huenda" haimpi mtu usingizi. Nilipaka damu ya bandama kwenye vioo vya darubini, nikachukua vipande vya bandama na vya nyama ya bega, nikafunga vizuri, nikampa dereva avipeleke mjini, maabara, kwa mwenzetu Hidaya ambaye alikuwa nyuma ya darubini siku hizo. Nilimpigia kumweleza. Akasema tu, "Nnawasha taa sasa hivi." Wote waliokula maini niliwataka waende kituo cha afya, na Pandu kwanza kuliko wote, nikazungumza na daktari wa pale kwa simu mpaka nikahakikisha amenielewa. Wakaanzishiwa dawa siku ileile.

Nyama tuliizika. Wanaume walichimba shimo refu mbali na kisima, tukamwaga chokaa, tukatia nyama, matumbo, ngozi, hata mchanga wa pale alipochinjiwa. Mzee Vuai alichukua koleo mwenyewe. Hakunitazama. Alipokuwa anafukia alisema, si kwangu wala kwa mtu, "Nnazika harusi ya mwanangu." Nikaendelea kumwaga chokaa, kwa sababu nilijua nikifungua mdomo ningemwomba radhi, na sikuwa na haki ya kuomba radhi kwa jambo ambalo ningelifanya tena.

Wakati bado tunafukia, Mize akatuma mtu kusema mtamba wao naye anachechemea. Ng'ombe jike yule, ambaye hakuwa amezaa bado, alikuwa amefungwa pamoja na fahali kwenye kiwanja kimoja, kando ya udongo mpya. Nikaenda kutazama, nikaona msingi umechimbwa pale: nyumba ya Mize na mumewe mtarajiwa. Vijidudu vya chambavu hulala ardhini miaka na miaka, ukichimba unaviamsha, mvua inavileta juu ya majani. Nikaelewa ng'ombe wamekula nini.

Mtamba alikuwa na homa kali. Paja la nyuma lilikuwa limejaa kidogo tu, la moto, na likibonyezwa analalamika. Halikuwa linalia bado. Hiyo "bado" ndiyo nafasi pekee tuliyokuwa nayo, maana chambavu ikishapiga hewa chini ya ngozi, dawa hufika imechelewa. Nilimpiga penisilini kwa wingi, nyingine mshipani, nyingine kwenye msuli, nyingine kuzunguka uvimbe. Nikamhamishia kwenye kivuli, nikakaa naye. Kila baada ya muda naweka mgongo wa kiganja pajani, kisha kidole, nikitega sikio. Sijawahi kusikiliza kitu kwa hofu kama nilivyosikiliza paja lile.

Alasiri Hidaya akapiga. "Kwenye vioo sioni kitu kinachofanana na kimeta. Lakini usiwaambie watu bado. Nimeotesha vijidudu, na mpaka niongee na wenzetu wa bara niliowapelekea kipande, siwezi kuweka jina langu." Nilimwambia sawa. Nilielewa. Hata mimi nisingeweka langu.

Nilirudi kule kila siku. Mtamba alilala chini kesho yake, nikadhani amekwisha. Siku iliyofuata nikamkuta amesimama, anatafuna jani bila hamu, kama mtu anayekula chakula cha hospitali. Uvimbe haukupanda. Tuliwachanja ng'ombe wa kijiji kizima na vijiji vya jirani, wenyewe wakija mbio, kwa sababu habari ya harusi iliyozikwa ilikuwa imetangulia kila mahali.

Aliyenitia wasiwasi ni Pandu. Kidole kilivimba. Kidonda cha kimeta kwa mtu kina tabia yake: hufanya gamba jeusi katikati, na aghlabu hakiumi. Nilikwenda naye kituo cha afya, daktari akafungua kitambaa, sote watatu tukainama.

"Kinauma?" nikauliza.

"Kinauma sana, Bi Rukia. Sikulala."

"Alhamdulillahi," nikasema.

Pandu akanitazama kwa namna ambayo sitaisahau. Daktari ndiye aliyemfafanulia kwamba maumivu yale ni ya jeraha lililoingia uchafu wa kawaida, na kwamba bibi huyu hana nia mbaya. Lakini hofu ilikuwa imeshamkaa moyoni. Alikuwa na binti mdogo, anaanza kusimama kwa kushika ukuta, na tangu siku ile ya kuchinja Pandu hakumgusa. Nilimwambia maradhi haya hayarukii mtoto kwa kubebwa, kidole kikifungwa vizuri hakuna tabu. Daktari akamwambia hivyohivyo. Akaitikia kwa kichwa, akasema amesikia, na akaendelea kulala chumba cha nje. Mkewe alinambia mtoto analia akimwona baba yake akipita bila kumchukua.

Harusi ilifanyika siku yake. Nilialikwa, na nilikwenda, ingawa nilikaa mwisho wa jamvi kwa kuogopa macho ya watu. Jirani zake Mzee Vuai, wavuvi, walikuwa wamemletea changu na pweza bila kuombwa, na kinamama wakapika wali wa nazi mpaka harufu ikafika barabarani. Wageni wa mjini walisifu sana. Wapo walioamini kwamba ndivyo ilivyopangwa tangu mwanzo, na Mzee Vuai hakuwasahihisha. Alipopita karibu yangu na jagi la maji ya kunawa, alinimiminia mwenyewe. Alisubiri mpaka nikamaliza mikono yote miwili.

Simu ikatetema mfukoni wakati sahani zinapita. Nikatoka nje, nikasimama nyuma ya jiko.

"Chambavu," Hidaya akasema. "Imethibitika. Kimeta hakuna."

"Rudia."

"Kimeta hakuna, Bi Rukia. Chambavu tupu. Nenda kale."

Nilikuwa sijui kama nimekula tangu siku ile ya kwanza. Nadhani nilikula, lakini sikumbuki ladha ya kitu. Nikamwita Mzee Vuai pembeni nikamwambia, akafumba macho, akasema "Alhamdulillahi" mara nyingi, akaenda dirishani kumwambia Mize. Nikasikia kigelegele kimoja ndani, wenzake wakakiitikia bila kujua ni cha nini.

Kisha nikamtafuta Pandu. Alikuwa peke yake kwenye gogo nyuma ya nyumba, na sahani yake hajaigusa. Binti yake alikuwa upande wa pili wa ua, mapajani mwa mama yake, anachezea shanga.

"Jibu limekuja," nikasema. "Sicho kimeta. Ni maradhi ya ng'ombe tu."

Hakuruka wala hakucheka. Alitazama kidole chake. "Kwa hivyo mtoto naweza kumchukua?"

"Toka siku ya kwanza nilikwambia unaweza."

"Najua ulinambia."

Akainuka, akaenda penye pipa la maji, akanawa kwa sabuni, mkono mzima na ule wenye kitambaa, akikizunguka kidole, akanawa tena, akajifuta kwa kikoi chake. Akavuka ua. Alipofika mbele ya mkewe alichuchumaa, akanyoosha mikono. Mtoto akamtazama, akageuza uso kwa mama yake, akageuka tena kumtazama. Kisha akaachia shanga, akamwendea.